Mtoto haonyeshi kwa kidole: Ni lini mzazi awe na wasiwasi?

JE, mtoto wako amefikisha mwaka mmoja na bado hapungi mkono anapoagwa? Au amepita mwaka na nusu na hajawahi kukuonyesha kitu kwa kidole, ilhali mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja naye huonyesha kila ndege inayoshuka kuelekea uwanja wa Changamwe? Maswali ya aina hii huwakosesha usingizi wazazi wengi, hasa mama anayelea mtoto wake wa kwanza.

Mara nyingi maswali haya huulizwa nyumbani au barazani kabla ya kufika hospitalini, na majibu hupishana. Shangazi atasema, "Mwache, kila mtoto na wakati wake. Babake naye alichelewa kusema." Jirani atashauri mtoto asomewe kwani ametupiwa jicho. Mwingine atataka akatwe uzi wa ulimi. Kati ya majibu hayo matatu, la kwanza ndilo lenye ukweli mwingi zaidi. Lakini pia ndilo linaloweza kumpotezea mtoto muda mwingi zaidi, iwapo kuna jambo linalohitaji kutazamwa mapema.

Makala haya yanakueleza, mzazi, ni ishara gani za kutazamia na katika umri gani, ni tofauti zipi zilizo za kawaida, na ni dalili zipi ambazo hazifai kungojwa hata mwezi mmoja.

Mikono husema kabla ya ulimi

Mtoto haanzi kuzungumza siku anapotamka neno la kwanza. Huwa ameanza zamani, kwa macho, kwa uso na kwa mikono. Akiwa na umri wa miezi 9 hivi huinua mikono ili abebwe. Baadaye hukupa kitu alichokishika, au hukiinua tu ili ukione, kisha akakirudisha kwake. Hujifunza kupunga mkono, kupiga makofi, kutikisa kichwa akikataa uji, na hatimaye kunyoosha kidole.

Kunyoosha kidole kuna namna mbili, na ni vizuri mzazi azitofautishe. Namna ya kwanza ni ya kutaka: mtoto huonyesha kikombe kilicho mezani kwa sababu ana kiu. Namna ya pili ni ya kushirikisha: mtoto huonyesha paka ukutani, hukutazama wewe, kisha humtazama paka tena. Hataki kupewa paka. Anataka wewe nawe umwone.

Namna hii ya pili yaweza kuonekana kama mchezo tu, lakini ni hatua kubwa sana. Ina maana kwamba mtoto ametambua kuwa mama ana mawazo yake, na kwamba mawazo hayo yaweza kuvutwa kwenye jambo ambalo mtoto mwenyewe analitazama. Nawe unapojibu, "Eeh, paka yule!" unampa neno wakati uleule ambapo akili yake imelielekea. Maneno mengi ya kwanza huingia kwa njia hiyo. Ndiyo sababu daktari wa watoto, akielezwa kwamba mtoto hajasema, atauliza kwanza habari za kidole kabla ya habari za ulimi. Mtoto asiyesema lakini anaonyesha, anatazama na anaelewa, huwa katika hali tofauti kabisa na mtoto asiyesema na asiyeonyesha chochote.

Umri na ishara zake

Idara ya kudhibiti magonjwa nchini Marekani, CDC, ilirekebisha orodha yake ya hatua za ukuaji mwaka 2022. Ilichagua umri ambao angalau watoto 3 kati ya kila 4 huwa tayari wanaweza jambo fulani. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye hajaliweza si lazima awe mgonjwa. Hata hivyo, umri huo ni wakati unaofaa kuuliza. Hizi hapa ni baadhi ya hatua hizo:

Miezi 9: Mtoto hugeuka au hutazama anapoitwa jina lake. Uso wake huonyesha furaha, huzuni, hasira au mshangao. Huwaonea haya au kuwaogopa watu wageni.

Miezi 12: Hupunga mkono wa kwaheri. Huelewa neno "hapana", angaa kwa kusita kidogo. Humwita mzazi kwa jina maalum, kama "mama" au "baba".

Miezi 15: Huonyesha kwa kidole ili apewe kitu au asaidiwe. Hupiga makofi akifurahi. Hupiga hatua chache peke yake.

Miezi 18: Huonyesha kwa kidole ili nawe uone jambo lililomvutia. Hutembea bila kushikilia. Hujaribu kutamka maneno 3 au zaidi mbali na "mama" na "baba".

Miaka 2: Huunganisha maneno mawili, kama "mama maji" au "baba kuja". Hutumia ishara nyingi zaidi ya kupunga na kuonyesha, kwa mfano kuitikia kwa kichwa au kurusha busu.

Hapa Pwani unaweza kuongeza ishara zetu wenyewe. Mtoto anayempa bibi mkono wa shikamoo bila kushikwa, au anayejifunika uso kwa leso ya mama kisha akaifunua akicheka, anafanya mambo yaleyale ambayo daktari anayatafuta. Zingatia pia kwamba watoto wetu hufundishwa kuwa kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu. Mafunzo hayo ni mema, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekatazwa kuwaonyesha watu bado ataonyesha gari, mwezi, mbuzi na feri. Asiyeonyesha chochote hazuiwi na adabu.

Na mwili je?

Wazazi wengi hujali zaidi kutembea kuliko ishara. Katika jambo hili kuna kipimo kilichotoka karibu nasi. Mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba karibu watoto wote hukaa kitako bila kuegemezwa wakati fulani kati ya miezi 4 na miezi 9. Husimama dede, yaani bila kushikilia, kati ya miezi 7 na miezi 17. Hutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu.

Tazama jinsi nafasi hizo zilivyo pana. Mtoto anayetembea akiwa na miezi 9 na yule anayetembea akiwa na miezi 16 wote ni wazima. Aidha, watoto kama 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo. Wengine husota kwa makalio, wengine husimama moja kwa moja. Kutotambaa peke yake si ugonjwa, ikiwa hatua nyingine zinaendelea.

Malezi nayo huchangia. Mtafiti Charles Super alichapisha mwaka 1976 uchunguzi wake miongoni mwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa. Aliona kwamba watoto walifundishwa makusudi kukaa na kutembea, kwa mfano kwa kuketishwa katika kishimo kidogo kilichochimbwa ardhini. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, lakini hawakutangulia katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama vile kutambaa. Kwa hivyo ikiwa mtoto wako hushinda mgongoni kwenye mbeleko wakati unapouza samaki au mahamri, huenda akachelewa kidogo kutambaa. Mpe tu nafasi ya mkeka sakafuni kila siku.

Watoto wetu wamepimwa

Huenda ukauliza, "Mbona tupimwe kwa vipimo vya Wazungu?" Swali hilo ni la haki, na limepata jibu hapa Pwani.

Katika mji wa Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Hapo ndipo mtaalamu wa Kenya, Amina Abubakar, akishirikiana na wenzake, alipotayarisha kipimo cha ukuaji wa watoto kinachofuata mazingira yetu. Kipimo hicho, kilichochapishwa mwaka 2008, ni cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Mtoto hupimwa kwa vitu na michezo isiyo migeni kwake, wala si kwa picha za vitu ambavyo hajapata kuviona.

Mwaka 2015 Katie Alcock na wenzake walichapisha kazi nyingine inayohusu lugha na ishara. Walitengeneza orodha za maneno na ishara kwa Kiswahili na Kigiriama, kwa watoto wa kuanzia miezi 8 hadi miaka 2 na miezi 4. Badala ya kuwapa wazazi karatasi wajaze, waliwahoji kwa mdomo zaidi ya familia 300, kwani wazazi wengi hawakusoma sana, na watoto wengi walilelewa na watu zaidi ya mmoja. Majibu ya wazazi hao yalionekana kuwa ya kutegemewa.

Hili ni funzo kubwa kwako, mzazi. Hata kama hukuenda shule, wewe unayemwogesha, kumlisha na kumlaza mtoto ndiye unayemjua. Ukiona kuna jambo, usikubali kuambiwa kwamba hujui.

Tofauti ambazo ni za kawaida

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Hesabu umri wake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Aliyetangulia miezi 2 akiwa sasa na miezi 12, mpime kama mtoto wa miezi 10. Endelea hivyo hadi afikishe miaka 2.

Nyumba ya lugha nyingi. Nyumba za Likoni husikika Kidigo na Kiswahili. Changamwe utasikia Kikamba, Kiluo, Kitaita na Kiingereza katika ploti moja. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Hesabu maneno yake yote pamoja: akisema "maji" kwa Kiswahili na neno jingine kwa lugha ya bibi, hayo ni maneno mawili. Usiiache lugha ya nyumbani kwa hofu.

Kupigapiga mikono kama mbawa. Watoto wengi wa umri wa mwaka mmoja hufanya hivyo wakifurahi sana. Si dalili ya ugonjwa ikiwa mtoto pia hukutazama, hugeuka akiitwa na huonyesha vitu. Lakini ikiwa hufanya hivyo saa kwa saa, huku akikwepa macho ya watu na haitikii jina, mpeleke atazamwe.

Kugonga kichwa au kujitikisa. Baadhi ya watoto hugonga kichwa kitandani wakati wa kulala. Kwa kawaida huacha wenyewe wanapokua. Kama anajiumiza, au hafanyi jambo jingine mchana kutwa, uliza.

Kutembea kwa ncha za vidole vya miguu. Wengi wanaoanza kutembea hufanya hivyo mara kwa mara. Ikiwa hawezi kabisa kukanyaga kwa nyayo, au miguu imekakamaa, ni jambo la kupelekwa hospitalini.

Dalili zisizongoja

Mzazi, yafuatayo hayahitaji kusubiri siku ya kliniki:

Kupoteza alichokwisha kukiweza. Mtoto aliyekuwa akipunga mkono, akisema maneno au akikaa, kisha akaacha, apelekwe kwa daktari upesi, awe na umri wowote. Hapa ile kauli ya "kila mtoto na wakati wake" haifai kabisa.

Kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Hili wengi hulikosea. Mtoto akipendelea mkono wa kushoto, nyumba nzima hushughulika kumzoesha wa kulia kwa ajili ya adabu ya kula na kupeana. Lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hutumia mikono yote miwili sawasawa. Akiwa na miezi 7 na daima anachukua kwa mkono mmoja tu, huku wa pili ukiwa umefumba ngumi, yaelekea ule wa pili ni dhaifu. Usimfunge mkono wala kumpiga. Mpeleke akapimwe.

Kushtuka kwa mfululizo. Mtoto wa kati ya miezi 3 na mwaka mmoja huinamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, akatulia kidogo, kisha akarudia, pengine mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Wengi hudhani ni msokoto wa tumbo au mshtuko wa kawaida. Yaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga ambayo huathiri ubongo ikiachwa. Inatibika vyema zaidi ikianza kutibiwa mapema. Mpige picha za video kwa simu na umpeleke hospitalini siku hiyohiyo.

Mwili kulegea sana au kukakamaa. Mtoto wa miezi 4 asiyeweza kuimarisha shingo, au ambaye miguu yake hupishana kama mkasi anapoinuliwa, achunguzwe.

Kutotembea akiwa na miezi 18, na kutotumia ishara yoyote akiwa na miezi 12. Mambo haya mawili yaulizwe bila kukawia.

Anza na masikio

Kabla ya kumshuku mtoto kwa jambo jingine, hakikisha anasikia. Mtoto asiyesikia hawezi kugeuka akiitwa, na maneno hayamfikii. Usikivu waweza kupotea kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo, baadhi ya dawa, kurithi, au usaha wa mara kwa mara masikioni.

Waweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Mtoto akiwa ameketi kwa mtu mwingine, simama nyuma yake asipokuona na umwite kwa sauti ya chini, au ukunje karatasi polepole. Usigonge sufuria wala kubamiza mlango, kwani hata mtoto asiyesikia huhisi mtikisiko au upepo, nawe ukadanganyika kwamba amesikia. Rudia upande wa pili, siku tofauti. Jaribio hili halitoshi kutoa hukumu. Asipogeuka, omba apimwe masikio kwa vyombo vya hospitali. Sikio linalotoa usaha nalo litibiwe, lisimiminwe mafuta wala maziwa ya mama.

Si jicho, wala si kosa la mama

Mtoto anapochelewa, wa kwanza kulaumiwa huwa mama: alikula nini mimba ilipokuwa changa, alimwacha na nani, alimwonyesha kwa nani. Sababu zinazojulikana ni nyingine. Kuna kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, utapiamlo, upungufu wa damu na madini ya chuma, na hali za kuzaliwa nazo. Mojawapo ya hali hizi ni usonji, au otizimu kama wengi wanavyouita. Dalili za mapema za usonji ni pamoja na kutoitikia jina, kutoshirikisha kwa kidole na kutotazamana. Haisababishwi na malezi mabaya.

Ikiwa imani yako inakuelekeza kumwombea mtoto, mwombee. Dua na hospitali hazigombani. Kinachodhuru ni kuifanya moja iwe badala ya nyingine, miezi ikapita.

Kuhusu ulimi, uzi ulio chini yake waweza kumtatiza mtoto katika kunyonya au katika kutamka baadhi ya sauti, lakini hauwezi kumzuia kunyoosha kidole, kuelewa au kugeuka akiitwa. Kukata ulimi au kimeo kwa wembe huleta hatari ya kutokwa damu na kuambukizwa, wala hakufungui usemi.

Wapo pia wanaoogopa chanjo ya surua. Uvumi kwamba huleta usonji ulitokana na makala yaliyotolewa Uingereza mwaka 1998 katika jarida la Lancet. Jarida hilo liliyafuta makala hayo mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Surua yenyewe ndiyo inayoweza kudhuru ubongo na masikio.

La kufanya nyumbani

Hakuna dawa ya dukani ya kumfanya mtoto aonyeshe au aseme. Zipo njia zisizogharimu kitu:

Fuata macho yake. Ukimwona anatazama kuku, sema "kuku". Usimvute kwenye jambo lako wewe.

Kaa naye uso kwa uso kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, wakati wa kuoga, kulishwa au kubadilishwa nguo. Cheza kwa leso, piga makofi, kisha nyamaza umpe nafasi naye ajibu.

Mpe chaguo. Inua ndizi mkono mmoja na embe mkono wa pili, umngoje aonyeshe. Mtoto anayepewa kila kitu kabla hajataka hana haja ya kuonyesha.

Onyesha nawe. Mkiwa kwenye feri ya Likoni au ndani ya matatu kuelekea Kisauni, mwonyeshe meli, ndege na watu, ukitaja majina.

Punguza simu na televisheni. WHO ilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha aina hiyo, na wa miaka 2 asizidishe saa moja kwa siku. Katuni haimwangalii mtoto usoni wala haingoji jibu lake.

Waeleze wote wanaomlea, awe ni yaya, bibi au dada mkubwa, wafanye vivyo hivyo.

Wapi pa kwenda

Fungua kijitabu chako cha kliniki cha mama na mtoto. Mbali na kurasa za chanjo na uzani, mna ukurasa wa hatua za ukuaji ambao mara nyingi hubaki mtupu. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Wazazi wengi hufika kwa ile ya kwanza, wakasahau ya pili. Lakini tazama umri huo: miezi 9 ndio wakati wa kuitikia jina na kuinua mikono, na miezi 18 ndio wakati wa kidole cha kushirikisha. Safari hizo mbili za chanjo zatosha kuwa pia safari za kuuliza, bila nauli ya ziada. Muulize muuguzi awaangalie ukuaji pia, si uzani peke yake.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha mtaani kwako, au mweleze mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba zenu. Kutoka hapo waweza kuandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Likoni, ya Port Reitz kule Changamwe, au Hospitali Kuu ya Coast General kisiwani, ili aonwe na daktari wa watoto na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Vipo pia vituo vya serikali vya kuwakagua watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Huna haja ya kungoja mtoto afikie umri wa kwenda shule ndipo umpeleke.

Unapokwenda, usiseme tu "mtoto hayuko sawa". Sema: "Ana miezi 16. Hageuki nikimwita. Hapungi mkono. Alikuwa akisema 'mama', sasa ameacha." Beba kijitabu, na uonyeshe picha za video ulizopiga kwa simu. Ukiambiwa "ngoja kwanza", uliza, "Ningoje hadi tarehe gani, na nikirudi nitazame nini?" Kungoja kwenye tarehe ni sehemu ya matibabu, lakini kungoja bila tarehe ni kupoteza wakati.

Na ikithibitika kwamba mtoto ana tatizo, usimfungie ndani. Wakazi wa Kisauni wanaijua Bombolulu, ambako tangu mwaka 1969 watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vitu kwa mikono yao na kupata riziki. Mtoto aliyeanzishiwa mazoezi ya viungo, vyombo vya kusikia au mafunzo ya usemi akiwa na mwaka mmoja na nusu huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko yule anayeletwa akiwa na miaka 6, kwani ubongo hujengeka kwa kasi kubwa katika miaka ile ya mwanzo.

Wazazi wengi watakaouliza watarudi nyumbani na habari njema: mtoto ni mzima, anachukua muda wake tu. Hao watakuwa hawakupoteza ila asubuhi moja. Wale wachache watakaogundua jambo watakuwa wamelipata mapema. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kama una shaka juu ya mtoto wako, itaje wiki hii.